Kipandikizi cha Jino Huishi kwa Hisani ya Ufizi

Muze imekaa katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukingo mkali wa uwanda wa juu wa Ufipa. Mtu ashukaye kutoka Sumbawanga kwa njia ya Ntendo huacha nyuma baridi, mahindi na maharage, akakutana na joto, mpunga na samaki wa ziwani. Kwa jicho la ramani huo si umbali mkubwa. Kwa mgonjwa wa kinywa ni mbali, hasa wakati wa masika, na ni mbali zaidi akiambiwa kwamba daktari bingwa anayemhitaji yuko Mbeya, au yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo. Safari hiyo kwa kawaida huzungumzwa kwa lugha ya nauli na malazi. Kwa habari ya vipandikizi vya meno yafaa izungumzwe kwa lugha ya tiba, kwa kuwa kinachoamua kama kipandikizi kitadumu miaka ishirini au kitalegea baada ya minne si ustadi wa daktari wa upasuaji peke yake. Ni hali ya ufizi unaokizunguka, na ufizi huo mgonjwa hurudi nao nyumbani.

Neno lenyewe lahitaji kutenganishwa na jirani yake. Katika vituo vya afya vya bondeni, kama kwingineko nchini, ukitaja kipandikizi akina mama huelewa kile kijiti cha uzazi wa mpango kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Kipandikizi cha jino ni kitu kingine: ni skrubu ndogo ya titani inayopandwa ndani ya mfupa wa taya, mahali palipokuwa na mzizi wa jino, na baada ya miezi kadhaa hufungwa juu yake taji linalofanana na jino. Hakilazimishi kusagwa kwa meno ya jirani kama daraja linavyolazimisha, wala hakivuliwi usiku kama meno ya bandia ya kawaida. Ni tiba nzuri. Kinachopingwa hapa si tiba hiyo, bali mazoea ya kuianza kwa skrubu na kuukumbuka ufizi baada ya mambo kuharibika.

Mwaka 1965 ulizaa habari mbili ambazo zingepaswa kusimuliwa pamoja. Huko Gothenburg, Sweden, Per-Ingvar Brånemark, aliyekuwa ametambua katika uchunguzi wake wa sungura miaka ya 1950 kwamba mfupa hushikamana na titani, alimwekea vipandikizi Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro ya taya na aliyekosa meno. Larsson alifariki mwaka 2006, vipandikizi vyake vikiwa bado vinafanya kazi baada ya miaka 40. Mwaka huohuo, katika mji wa Aarhus, Denmark, Harald Löe na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio dogo sana. Watu 12 wenye fizi safi waliacha kusafisha meno yao kwa makusudi. Kati ya siku ya 10 na ya 21 wote walipatwa na mchochota wa fizi, yaani wekundu, uvimbe na damu. Waliporudia kusafisha meno, fizi zilipona kwa muda wa wiki moja hivi.

Habari ya kwanza ilizunguka dunia na kuzaa biashara kubwa. Ya pili ilibaki katika vitabu vya wanafunzi wa meno. Hata leo, katika mabango ya kliniki za mijini, skrubu huchorwa iking'aa na taji likiwa jeupe kama maziwa, huku ufizi ukipakwa rangi ya waridi pembeni kama pazia la dirisha. Mgonjwa anayetazama bango hilo hufahamu kwamba ananunua chuma. Hakuna anayemwambia kwamba chuma hicho kitategemea nyama laini yenye upana wa milimita chache.

Tofauti kati ya jino la asili na kipandikizi ni muhimu hapa, na si ngumu kueleweka. Jino halikugandishwa mfupani. Limeshikwa na maelfu ya nyuzi ndogo zinazotoka kwenye mzizi na kujichimbia ndani ya mfupa na ndani ya ufizi, mithili ya kamba zinazoshikilia hema. Kipandikizi hakina nyuzi hizo. Kimeshikamana na mfupa moja kwa moja, na nyuzi za ufizi hukizunguka tu kama ukosi wa shati uzungukavyo shingo: unabana, lakini haukushonewa hapo. Mishipa ya damu nayo ni michache kuliko ile iliyozunguka jino, kwa kuwa utando wa mzizi ulioileta haupo tena. Hivyo ulinzi ni hafifu zaidi mahali ambapo adui ni yuleyule, yaani ukoga, ule utando laini wa bakteria unaorudi juu ya meno kila siku na ambao ukiachwa huganda na kuwa ugaga.

Ukoga ukikaa kandokando ya kipandikizi, ufizi huvimba na kutoka damu unapoguswa. Hiyo ni hatua ya kwanza, na mfupa bado ni mzima. Ukoga ukiondolewa vizuri, ufizi waweza kupona. Hata hivyo majaribio yaliyofuata mfano wa Löe, safari hii kwa watu wenye vipandikizi, yalionyesha kwamba ufizi wa kipandikizi huchelewa kurejea hali yake: wiki tatu za kusafisha hazikutosha kuurejesha kikamilifu. Hatua ya pili ni mchochota kuingia mfupani. Hapo mfupa huanza kuyeyuka kuizunguka skrubu, usaha hutoka, na baadaye kipandikizi hulegea. Kutibu hatua hiyo ni kazi ya upasuaji, na matokeo yake hayana uhakika. Jambo la kusikitisha ni kwamba safari yote hiyo, toka ya kwanza hadi ya pili, aghalabu haina maumivu. Mkulima aliyezoea kwenda hospitali jino linapouma hatasikia lolote mpaka taji litikisike.

Wala haya si mambo ya nadra. Jan Derks na Cristiano Tomasi, walipojumlisha tafiti zilizopatikana hadi mwaka 2015, walikadiria kwamba kwa wastani watu 43 katika kila 100 wenye vipandikizi wana mchochota wa hatua ya kwanza, na 22 wana ule ulioingia mfupani. Tafiti zenyewe zilitofautiana sana, kwa hiyo tarakimu hizo zichukuliwe kama mwelekeo. Mwelekeo huo unatosha.

Mtu aweza kusema: ikiwa ukoga ndio adui, na watu wengi vijijini wana ukoga na ugaga mwingi, basi vipandikizi havina nafasi Rukwa. Hoja hiyo ni nyepesi, na jibu lake limo katika utafiti uliofanyika Tanzania hii hii. Mwaka 1986 Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Thorkild Karring walichapisha uchunguzi wa Watanzania wa umri wa miaka 30 hadi 69. Ukoga na ugaga waliuona karibu kila mahali. Lakini mifuko ya ufizi yenye kina cha zaidi ya milimita 3 ilipatikana katika chini ya asilimia 10 ya sehemu zilizopimwa, na watu waliokuwa hawana meno kabisa walikuwa wachache mno. Zaidi ya hayo, uharibifu mkubwa haukugawanyika sawa. Robo tatu ya sehemu zote ambazo jino lilikuwa limepoteza mshikamano wake kwa milimita 7 au zaidi zilikuwa katika vinywa vya asilimia 31 tu ya watu waliochunguzwa.

Utafiti huo ulitikisa fikra za wakati wake, kwani ulionyesha kwamba uchafu wa meno na kuporomoka kwa fizi havifuatani kama kivuli na mtu. Wengi hubaki katika mchochota wa juujuu maisha yao yote. Wachache, kwa sababu za kimaumbile, za kisukari, za tumbaku au nyinginezo, huporomoka. Katika uchunguzi mwingine wa mwaka huohuo, Baelum na Fejerskov walionyesha kwamba sababu kubwa ya Watanzania kupoteza meno ilikuwa kutoboka, si fizi, na hilo lilikuwa kweli kwa wazee kama kwa vijana.

Matokeo hayo mawili, yakiwekwa bega kwa bega, yanaleta swali ambalo lingepaswa kutangulia kila kipandikizi: jino lilitokaje? Ni swali ambalo tabibu wa meno yeyote anaweza kuliuliza bila mashine wala gharama. Mzee akijibu, «Lilitoboka, likauma, likang'olewa,» ufizi na mfupa wake huenda ulikuwa mzima, na jino lilikufa kwa maradhi yake lenyewe. Akijibu, «Mwanangu, lilianza kucheza, nikalitoa kwa vidole,» basi huyo yawezekana ni mmoja wa wale wachache, na maradhi yaliyong'oa jino bado yako kinywani, yakisubiri mgeni. Kuwahi kuugua fizi kiasi cha kupoteza mfupa ni miongoni mwa ishara za hatari zinazokubaliwa zaidi na wataalamu, pamoja na ukoga usiodhibitiwa na kukosa marudio ya uangalizi. Mgonjwa wa namna ya pili hanyimwi kipandikizi moja kwa moja. Hutibiwa fizi kwanza, hungojewa miezi, hupimwa tena, na mfuko uliokuwa ukitoka damu ukinyamaza ndipo skrubu huzungumzwa. Daktari anayeruka hatua hiyo kwa sababu mgonjwa ametoka mbali na ana siku tano tu za kukaa mjini hamsaidii, hata kama nia yake ni njema.

Kuna kikwazo cha lugha pia. Katika Kiswahili cha kila siku, fizi zikitoka damu watu husema ni kiseyeye. Kiseyeye halisi ni upungufu wa vitamini C, na katika nchi yenye maembe, mapapai na malimau si sababu ya kawaida ya damu ya fizi. Lakini neno hilo humpeleka mgonjwa sokoni kununua machungwa badala ya kumpeleka kwa mtaalamu, na miezi hupita ukoga ukiwa palepale. Mbaya zaidi, damu ikitoka, wengi huacha kupiga mswaki mahali hapo wakidhani wanaupumzisha ufizi. Mhudumu wa afya anayesikia neno kiseyeye afanye vyema kuomba mgonjwa afungue kinywa kabla ya kutoa ushauri wa matunda.

Miongoni mwa wataalamu kuna mjadala mmoja ambao wahudumu watausikia, nao ni kuhusu upana wa ufizi mgumu, ule wa rangi iliyofifia usiosogea mdomo unapovutwa. Wapo wanaosema kipandikizi hakifai bila angalau milimita 2 za ufizi huo, na wapo wanaosema usafi ukiwapo upana hauna neno. Ukweli unaoelekea kukubalika ni wa katikati: ufizi mgumu ukiwa haba, mswaki huuma, mgonjwa huukwepa, ukoga hujaa na ufizi hujivuta. Kwa mtu mwenye mtaalamu karibu, upungufu huo waweza kuvumiliwa na kutazamwa. Kwa mtu wa Muze ni busara kuongeza ufizi kwa kipande kidogo kinachotolewa kwenye kaakaa, tena kufanya hivyo mapema, maana mtu huyo hatarudi kila anaposikia mswaki unachoma. Hapa umbali unageuka kuwa kipimo cha tiba sawasawa na kisukari au tumbaku, na wataalamu wa mijini hawajazoea kuuandika katika jalada.

Uzito wa marudio ulionekana wazi nchini Brazil. Mwaka 2012 Fernando Costa na wenzake waliripoti habari za watu 80 ambao tayari walikuwa na mchochota wa hatua ya kwanza kuzunguka vipandikizi. Baada ya miaka 5, miongoni mwa waliopata uangalizi wa mara kwa mara asilimia 18 walikuwa wameingia hatua ya pili. Miongoni mwa wasioupata, asilimia 43.9. Hawakutofautishwa na aina ya skrubu wala jina la mtengenezaji. Walitofautishwa na kuwapo kwa mtu wa kuwatazama fizi na kuwasafisha.

Mtu huyo si lazima awe bingwa. Kutambua ufizi unaotoka damu, kuuliza kuhusu ladha mbaya au usaha, kuona kama taji linatikisika, kumfundisha mgonjwa kupitisha mswaki mdogo au uzi kandokando ya taji, hayo yako ndani ya uwezo wa tabibu wa meno, na mengi yake yako ndani ya uwezo wa muuguzi aliyeonyeshwa mara moja. Kinachowazuia mara nyingi ni woga. Kitu cha chuma kilichowekwa Dar es Salaam huonekana kama mali ya wakubwa, na mhudumu wa kijijini huogopa kukigusa asije akalaumiwa. Woga huo wafaa uondolewe kwa maelekezo ya maandishi. Ugaga kwenye kipandikizi haukwanguliwi kwa nguvu kwa chuma cha kawaida kwa kuwa huweza kukwaruza titani, lakini mswaki laini haudhuru, na kuacha uchafu kwa kuogopa mikwaruzo ni kosa kubwa zaidi. Mswaki wa mti, unaojulikana na wazee wengi, husafisha vizuri mbele ukitumiwa kwa utaratibu. Nyuma ya taji la gego haufiki, na hapo mgonjwa aambiwe hivyo waziwazi.

Mhudumu wa kituo cha afya anaweza pia kuona asichokiona daktari wa meno wa mjini. Yeye ndiye anayempima mgonjwa sukari, na kisukari kisichodhibitiwa hudhoofisha ufizi na uponaji wa mfupa. Yeye ndiye anayegawa amlodipini na nifedipini kwa wenye shinikizo la damu na fenitoini kwa wenye kifafa, dawa ambazo kwa baadhi ya watu huufanya ufizi ukue kupita kiasi na kufunika taji. Dawa hizo zisiachwe kwa sababu ya ufizi. Mgonjwa asimulie kwa daktari wake ili zitafutiwe mbadala ikiwezekana. Na yeye ndiye anayejua nani anavuta, nani ameacha, na nani anasema ameacha.

Limebaki jambo gumu zaidi, ambalo ni kusema hapana. Vipandikizi hulipiwa kwa fedha ambazo mkulima huzipata kwa kuuza ng'ombe au mavuno ya msimu. Mtu aliyekwisha kuuza ng'ombe ni vigumu kumwambia kwamba fizi zake hazijawa tayari, na biashara ya tiba nayo haina haraka ya kumrudishia fedha. Lakini mtu mwenye mifuko mirefu inayotoka usaha, anayevuta tumbaku, asiye na mahali pa kufanyiwa usafi chini ya ukingo ule, hupata faida zaidi kwa kutibiwa fizi na kutengenezewa meno ya bandia yanayovuliwa. Meno hayo hayana heshima ya kipandikizi mbele ya majirani. Yakivunjika hutengenezwa, na yakishindwa hayaondoki na mfupa. Kulitambulisha chaguo hilo kama tiba ya maskini ni dharau kwa mgonjwa, kwani katika hali yake ndilo chaguo sahihi hata angekuwa na fedha za kutosha.

Kwa yule aliyestahili na akapandikizwa, hospitali au kliniki iliyofanya kazi hiyo inadaiwa kitu kimoja ambacho hakigharimu karibu chochote, nacho ni karatasi. Siku taji linapofungwa, kina cha ufizi kuzunguka kipandikizi kipimwe na picha ya eksirei ipigwe, kwa kuwa bila kipimo cha siku hiyo hakuna awezaye kujua mwaka wa tatu kama mfupa umeshuka au ulikuwa hivyo tangu mwanzo. Vipimo hivyo viandikwe kwa Kiswahili, pamoja na aina ya kipandikizi, namna taji lilivyofungwa, kwa skrubu au kwa saruji ya meno, maana mabaki ya saruji chini ya ufizi ni chanzo kingine cha mchochota, na tarehe ya marudio. Nakala moja ibaki katika jalada, ya pili apewe mgonjwa, na ya tatu ipelekwe kwa jina la cheo, si la mtu, kwa tabibu wa meno aliye karibu zaidi na nyumbani kwake. Watumishi huhamishwa. Mgonjwa wa Muze atakayeingia katika chumba cha tabibu mgeni miaka minne baadaye, akiwa na damu kidogo kwenye ufizi na bila maumivu yoyote, ataikuta karatasi hiyo ikimngojea mezani, na tabibu huyo atakuwa na kitu cha kulinganishia.